Mgongo wa Kwanza

Kabla ya chuma palikuwa na mgongo.
Andikeni hivyo, nyinyi mnaoandika,
au msiandike. Mimi nimeshasema.

Mgongo wa Obuya Rading', babu yangu,
mpana kama mlango wa ghala,
uliovusha watu mto huu wa Auji kwa senti moja,
senti yenye tundu katikati;
alizitunga kwenye uzi kama ushanga.
Alivusha makarani, viatu vyao shingoni,
mabibi harusi, mbuzi, cherehani,
mkunga aliyemtukana njia nzima,
na mara moja maiti, bure.
"Maiti halipi," alisema, "na ndiye mzito kuliko wote."

Mwaka wa nzige wakaja wenye kamba na vigingi,
wakaupima mto
kama mshonaji apimavyo mteja asiyetulia.
Mawe yakashuka kutoka Riat kwa mikokoteni ya ng'ombe,
vyuma vikatoka stesheni, masalia ya reli,
na fundi Kesar, kilemba kimeingia saruji,
akamwita babu:
"Wewe najua mto. Wapi yeye piga sana?"

Babu akaingia hadi kifuani.
Hapa, akasema. Na hapa.
Na hapa, ukifika mwezi wa nne.
Nguzo tatu zimesimama alipokanyaga.
Ujira wake: kipande cha sabuni.

Siku ya kufungua, tarumbeta. Utepe ukakatwa.
Kibao cha shaba kikapigwa misumari minne:
jina la injinia, jina la bwana mkubwa, mwaka.
Babu alikuwa chini, majini,
akingoja mteja.

Alingoja siku kumi na moja.
Kisha akarudi nyumbani na uzi wake wa senti,
na daraja lile hakulivuka hadi anakufa.
Siku za soko nyanya alipita juu na kikapu cha omena,
yeye chini, nguo kichwani,
wakigombana mpaka ng'ambo.

Mafuriko ya sitini na moja yalimeza vyuma vya ukingo,
nguzo yakaziacha.
Lori la miwa likapinda ubavu wa kushoto;
ungali umepinda.
Kibao kiling'olewa usiku, kikauzwa kwa kilo.
Matundu ya misumari yapo. Kidole changu kinaingia.

Sasa wanasema litakuja jipya, pana, lenye taa.
Juzi kijana alisimama hapa na mashine ya miguu mitatu,
jicho moja amelifumba.
Nikamwuliza kama anajua mto unapiga wapi.
Akacheka, kwa adabu,
akanionyesha kioo kilichojaa namba.

Nikavua viatu.
Maji yalikuwa baridi, yana chupa na mafuta.
"Mama, toka, utateleza!"
Hapa, nikamwambia.
Na hapa.
Na hapa, ukifika mwezi wa nne.

Kama aliandika, sikuona.
Nilikuwa nimempa mgongo.