Hesabu ya Fulana

Mimi sikupiga gitaa. Niliuza fulana.
Meza ya kukunja, kikasha cha sigara cha kuwekea chenji,
na kaka yangu Delmar nyuma ya pazia
akitapika kwa woga, kila usiku, miaka kumi na mmoja.

Za kwanza tulizipiga chapa wenyewe, Waycross, Georgia,
kwenye gereji ya baba, rangi ikivuja hadi begani.
Thelathini. Tuliuza nne; moja alinunua mama.
Bendi iliitwa Honi ya Saa Sita,
kwa ajili ya honi ya karakana ya reli:
ikilia, mji mzima huahirisha ugomvi ukaenda kula.
Coy Griffis kwenye ngoma, mtoto wa kinyozi.
Lonnie kwenye besi, asiyejua besi.
Na Ezekiel Mobley, aliyekuja na kinanda cha kanisa la shangazi yake
akasema, "Jumapili kabla ya saa tatu lazima kirudi."
Kikarudi. Kila Jumapili.
Hata ile tuliyotoka Tallahassee kwa tairi tatu na nusu.

Mwaka wa sabini na nne redio ikatuokota.
Juzi hatujulikani, leo karani wa benki ananivutia kiti.
Fulana elfu mbili. Elfu tisa. Ndogo na za wastani,
maana waliotupenda walikuwa vijana wembamba
wanaodandia malori kuja kutusikia.

Kisha kampuni ikatuma bendera.
Kubwa, ya kutundika nyuma ya ngoma, ile ya msalaba wa nyota,
ya waliopigana ili watumwa wabaki watumwa.
"Inauza," walisema.
Walitaka na kifuani mwa fulana iwepo.
Ezekiel aliitazama tulipokuwa tukijaribu vyombo, Macon,
akafunga kifuniko cha kinanda taratibu
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.
Hakuna aliyemfuata nje.
Nilikuwepo. Nilikuwa nahesabu.

Na kweli, iliuza.

Baada yake nyimbo zilikuwa na misuli, hazikuwa na mapafu.
Albamu ya nne. Ya tano, ambayo hata Lonnie hakuinunua.
Coy alizama chupani; tulimzika mwezi wa tatu,
mvua ikipiga jeneza kwa mdundo ambao angeusahihisha.
Wasikilizaji wakanenepa. Nikaagiza kubwa,
kubwa zaidi, kubwa kupita hiyo,
na jina letu likatanuka juu ya vitambi
hadi herufi zikashindwa kushikana mikono.

Delmar siku hizi anatengeneza viyoyozi.
Vidole vya kushoto bado vina sugu.
Wimbo wetu ukitokea redioni anauzima kwa adabu,
kama mtu anayemfungia mgeni mlango baada ya kuaga.

Katoni kumi na saba zilibaki gereji.
Ziara ya themanini na mbili: miji kumi na minne mgongoni,
sita kati yake hatukufika.
Akaja mtu kutoka Savannah, akazipima kwa ratili kama pamba.
Zitafungwa marobota, alisema, zitapanda meli, zitakwenda Afrika.

Sijui ni mlangoni kwa nani robota lilikatwa kamba.
Labda kwako. Labda uliichagua kwa kuwa ni nzito, haichuji,
ukaivaa kulimia, kubebea zege, kulalia ulipokuwa na mimba.
Kifuani ina ile bendera.
Uliivaa bila kujua. Mimi nilijua.

Igeuze. Soma: Mobile, Tupelo, Chattanooga.
Huko hatukuwahi kufika.
Sasa tazama ndani, chini, kwenye mshono wa kushoto.
Usiku ule kabla lori halijaja
nilikaa sakafuni na kalamu ya wino usiofutika,
nikaandika *E. Mobley, kinanda*,
moja baada ya nyingine, mpaka kalamu ikakauka
kwenye katoni ya sita.

Kama yako haina kitu, ni ya zile kumi na moja.
Andika wewe. Jina unalo.