Omu Mbili na Nusu

Alizileta juu ya sleji ya mtoto,
spika mbili zimefunikwa blanketi kama wagonjwa,
akazivuta kilomita nzima juu ya theluji ya Oulu
kwa sababu dereva wa basi alimkatalia.
Akapangusa miwani. Jina lake Aulikki,
kazi yake kutunza sauti za kinanda cha kanisa,
kile chenye mabomba marefu kuliko nyumba.

"Za kaka yangu," akasema. "Risiva yangu inazima.
Kila mara palepale: meli inapasua barafu,
besi inashuka, halafu tak!
Picha inaendelea, watu wanafumbua vinywa
kama samaki. Mpaka leo sijui nani alifika ng'ambo."

Nikazigeuza. Nyuma, kwa kalamu ya risasi,
mwandiko wa marehemu: omu nne.
Nikapima. Nne, ndiyo, kwa maongezi ya kawaida;
noti za chini zikija, mbili na nusu.
Spika za namna hiyo ni mgeni mpole
anayedonoa mbele ya watu
na usiku wa manane anamaliza chungu.

Mimi muuzaji. Nina watoto, nina kodi ya duka.
Nikamsogeza kwenye rafu ya mbele,
kwenye risiva nyeusi zenye taa za buluu,
chaneli tisa, wati mia moja na sabini.
Akainama, akasoma maandishi madogo
ambayo hata mimi nilikwisha zoea kuyaruka.
"Wati hizi," akauliza, "ni za vinywa vingapi kwa pamoja?"
Kimoja, nikasema.
"Kikiimba nini?"
Noti moja ya katikati. Kwa muda mfupi.
Hakucheka. Aliomba mizani.

Sijawahi kuombwa mizani. Nikashusha ile ya bafuni kwangu, ghorofani,
tukazipima risiva kama watoto wa kliniki:
hii kilo nane, hii tisa na nusu,
vimbaumbau watupu ndani ya makoti mazuri.
"Shaba haijui kujisifu," akasema,
"ipo au haipo."

Tukajaribu hata hivyo, tusije tukazidhulumu.
Ya kwanza ilizima kabla barafu haijapasuka.
Ya pili ilivumilia, ikaanza kunuka vumbi linaloungua,
nikaichomoa kwa mkono wangu mwenyewe.
Ya tatu, tak.
Meli ile ilikuwa imekwama dukani kwangu tangu saa nne.

Sasa, kule nyuma, chini ya maboksi ya waya,
ilikuwepo amplifaya ya baba:
chuma kitupu, haina taa, haina rimoti,
kilo thelathini na moja. Haiuzwi.
Nilikuwa nimeandika hivyo, haiuzwi,
kwenye kadi iliyogeuka manjano.
Nikaitoa ili kumwonyesha tu
(ndivyo nilivyojiambia),
nikatwaa risiva ndogo kuliko zote, ya bei ya chini,
ikae mbele, ifanye kazi ya akili,
na waya upeleke mzigo kwa mzee.

Besi ilishuka. Ikashuka tena.
Vioo vya dirisha vikanena. Barafu ikapasuka
kutoka mlangoni hadi kaunta,
na hakuna kilichozima.
Halafu, baada ya ngurumo, jambo nisilolitegemea:
kimya, na ndani ya kimya mtu anavua glavu.
Tulisikia kila kidole.

Aulikki akakaa juu ya boksi.
"Kumbe alifika," akasema.

Bei tulipatana bila kutazamana.
Risiva ndogo aliitia mkobani,
spika akaniachia hadi kesho,
chuma cha baba tukakifunga kwenye sleji, kamba ikakaza,
theluji ikalia chini ya uzito mpaka kona ya posta.

Kwenye rafu ya nyuma pamebaki mstatili usio na vumbi.
Nimeutazama sana. Kisha nikachukua kalamu,
nikapita rafu ya mbele, kadi kwa kadi,
na chini ya kila mia moja na sabini nikaandika:
kinywa kimoja, noti moja, muda mfupi.

Tangu Jumatano sijauza hata moja.