Daftari la Skola

Mimi ndiye mweka hazina. Mwandiko huu ni wangu,
herufi za darasa la saba, zimelalia kushoto
kama migomba baada ya mvua ya mawe.
Doa hili la ukurasa wa kwanza ni mawese.
Halikutoka kwa sabuni wala kwa majivu,
nikaliacha liwe mhuri wetu.

Mwaka ule bodi ya mikopo ilimpa nusu,
na nusu ya daraja haimvushi mtu.
Tukakutana hapa Simbo, nyuma ya kinu.
Zaituni Kichere alileta dumu la lita tano.
Bihaga, fundi baiskeli, alitoa elfu mbili,
jioni akarudi kuomba elfu moja ya unga;
nikaandika kutoa kwake na kurudi kwake,
kwa kuwa vyote vilikuwa kweli.
Nyamwiza, ambaye hana mtoto aliyevuka la nne,
alibwaga mikungu mitatu ya chikichi:
"Iandike hivyo hivyo, usiigeuze shilingi."
Nimeandika: mikungu mitatu.

Ruhomvya mwenye kinu alitoa laki tatu kwa mkupuo,
noti mpya, zinanatana.
Alitaka tupige makofi. Tulipiga.

Haba na haba, mnasema, hujaza kibaba.
Kibaba cha ada kina tundu chini.
Kila muhula tulimimina, kila muhula kikakauka,
na Skolastika Bukuru akapanda gari moshi la Morogoro
na sanduku la bati, na kidumu cha mawese
kilichofungwa kwa nailoni, kisimwagikie madaftari.

Mwaka wa tatu akaandika: sasa si ada, ni utafiti.
Chupa arobaini, dawa za kupimia, nauli.
Ikabidi nikieleze kikundi neno hilo.
"Ni kulipia swali," nikasema.
"Na jibu?" akauliza Zaituni.
"Jibu bado halina bei."

Akaja kiangazi, akachota kijito chetu,
juu ya kinu, chini ya kinu,
alfajiri, mchana, na kinu kikiwa kimezimwa.
Watoto walimfuata wakidhani anauza maji.

Mwezi wa pili akasimama mbele yetu na karatasi,
sauti yake imepungua kuliko siku ya kuaga.
"Juu ya kinu maji yana pumzi.
Chini ya kinu hayana.
Matope ya mawese yanakula hewa yake,
na yanayobaki ndiyo tunayopikia."

Mtu alikohoa. Dumu tupu likaanguka lenyewe.
Ruhomvya akainuka:
"Kumbe nimesomesha shahidi wa kunishtaki!
Nirudishieni laki tatu zangu."

Nikafungua daftari mbele yake.
Safu ya tarehe, safu ya jina, ya kiasi, ya sahihi.
Safu ya majuto hatukuichora.

Ndipo Nyamwiza, bila kusimama, magoti yanamsumbua:
"Mimi nilitoa mikungu mitatu.
Sikuuliza mafuta yake yatakuwa rangi gani.
Kama tulitaka sifa, tungekodi ngoma,
ingekuwa nafuu."

Skola alikuwa anatazama viatu vyake.
Viatu vile navijua, viko ukurasa wa tisa.

Ripoti ina kurasa sitini na moja.
Nyingi zimenishinda, zina michoro ya vilima visivyo vilima.
Ila ukurasa wa shukrani nimeusoma kwa kidole:
tumo wote, hata Bihaga wa elfu moja kamili,
hata mikungu, imeandikwa mikungu.

Ruhomvya alinituma mjini nimtolee kopi
ya ukurasa huo mmoja tu.
Ameubandika kinuni, juu ya mashine,
na mvuke umeanza kuukunja pembe.
Shimo la matope hajachimba.

Nimeanza ukurasa mpya.
Sepeto mbili. Saruji mifuko minne. Jasho, siku sita.
Mstari wa jina la kwanza nimeuacha wazi,
na kila nikipita kinuni
napita na kalamu.