Upande Wangu wa Sinia

Nesi Bindu anapapasa kushoto ya kitovu,
anakitafuta kitufe chini ya ngozi
kama atafutaye ufunguo gizani.
"Pumua." Sindano inazama. Maji ya chumvi,
nusu mililita, na mkanda unakaza.
Ananipa bilauri ninywe mbele yake.
Nayasikia maji yanasimama mlangoni,
yanabisha hodi, yanangoja,
yanapita.

Wiki za mwanzo nilikuwa kichanga
cha miaka hamsini na minne.
Supu ya kuchuja. Mtindi. Boga la kusagwa.
Rayya, aliyenipikulia masufuria ya pilau miaka thelathini,
alinisogezea kibakuli huku akitazama pembeni
kama mtu anayelipa deni kwa pesa mbovu.
Sahani yangu sasa ni kisahani cha kikombe,
kijiko ni cha mjukuu, kina sungura kwenye mpini.
Haba na haba, walinifunza, hujaza kibaba.
Hawakunambia ipo siku
kibaba chenyewe kitakuwa kiganja cha mtoto.

Natafuna mara ishirini na tano,
nahesabu kwa vidole chini ya meza.
Samaki anapita. Dengu zinapita.
Mkate, hata ule mwembamba kama karatasi, haupiti.
Na maji hayakai meza moja na chakula:
nusu saa kabla, nusu saa baada,
saumu ndogondogo zisizo na futari.

Jioni natoka kazini Ghala.
Pale Mawaleh moshi wa mishkaki unaingia garini
na mkono, wenyewe, unawasha indiketa.
Naizima.
Hakuna aliyeniletea tanzia ya hilo,
wala kuniuliza nimefiwa na nani.

Idi tulikwenda Samail, kwa shemeji Hilal.
Shuwa imefukuliwa, siku mbili imelala ardhini
ndani ya magunia ya ukili,
nyama inaacha mfupa bila kuombwa.
Wanaume watano, sinia moja.
Adabu ni kula mbele yako
na kutonyanyuka kabla ya mgeni kushiba,
kwani akiinuka mmoja, wote mikono yao huona haya.
Hilal anachambua mnofu, anautupa upande wangu.
"Kula, Azzan! Nani kakuroga? Kanzu inakuvaa wewe!"
Watu wakacheka. Nikacheka nami,
na katika kicheko hicho nikameza bila kuhesabu.

Likakwama. Hapa.
Kama mgeni mnene na masanduku yake
katikati ya mlango.
Mate yakajaa. Nikatoka nyuma ya nyumba,
nikashika ukuta wa zizi tupu,
zizi la mbuzi yuleyule,
na nikamrudishia chake.

Mundhir alinifuata na boksi la tishu.
Ana miaka saba. Akangoja nimalize.
"Babu, umekula kwa pupa."
Kweli, mjukuu wangu. Miaka hamsini.

Nilirudi nikakaa. Sikula,
ila mkono niliuacha ukitembea,
ukisogeza wali kushoto, ukiurudisha kulia,
ili wengine wasiache.
Hilal akatupa mnofu, na mwingine. Kilima kikapanda.
Mundhir akajipenyeza chini ya kwapa langu
na kimyakimya, tonge kwa tonge,
akakila kilima cha babu yake.

Ikaja kahawa. Nikanywa finjani moja,
nikaitikisa, na kijana mwenye dele akapita
bila neno, bila kuapiza, bila kununa.
Nikaitazama ile finjani mkononi.
Tangu nikiwa kama Mundhir najua kuitikisa.
Kwa sinia, sikuwahi kuwa na ishara.

Usiku, nyumbani, Rayya anapasua tende moja ya khalasi,
anatoa kokwa, ananipa nusu.
Ina ganda jembamba linalopasuka,
kisha asali, kisha kitu kama moshi
ambacho sikuwahi kukijua, nikizila saba saba.
Yeye keshamaliza, keshanawa, keshazima taa ya jikoni.
"Vipi, imekataa?"
Nanyanyua kidole.
Ngoja. Bado nipo kwenye tende.