Supu ya Samaki

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuyashika maneno
kabla hayajapoa.
Kajaani, mwezi wa pili, nje baridi ya kupasua mawe,
ndani buti zayeyusha theluji juu ya mbao.

Hakimu alimwambia Urho Kinnunen, polepole,
kama mtu amwonyeshaye mgeni choo kilipo:
"Mshtakiwa ni ndugu yako. Sheria haikulazimishi.
Waweza kunyamaza, ukaenda zako."
Mlango ulikuwa wazi.
Yeye akapita dirishani.

Akaapa kwa heshima yake na kwa dhamiri yake,
sauti imenyooka kama reli:
"Usiku ule Eino alikuwa kwangu.
Tulikula supu ya samaki, tukatazama magongo ya barafu
kwenye televisheni, mpaka saa tano kasorobo.
Tulifungwa bao la mwisho. Eino akatukana."

Hata tusi alilikumbuka!
Nikaandika yote. Uongo hauna herufi zake,
huazima zile zile za ukweli
wala haurudishi.

Benchi la nyuma, Outi Heikura,
aliyegongwa saa nne usiku na gari lisilosimama,
gongo kwapani,
alitazama sakafu, maji ya buti zake yakienda.

Siku ya kumi na moja ikaja karatasi ya shirika la umeme,
moja tu, isiyo na hasira:
mtaa wa Urho, tarehe ile, mti uliangukia waya.
Giza tangu saa mbili hadi alfajiri.

Televisheni gani?

Nimeiandika na kesi ya pili, safari hii kwa jina lake.
Eino, aliyegonga, alipata miezi minane, kifungo cha nje.
Urho, aliyeapa, mwaka mzima, ndani,
na gharama juu, na basi la shule akanyang'anywa usukani.
Mwendesha mashtaka alisema kiapo cha uongo
humgonga kila atakayeapa kesho.
Labda. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya Urho,
mikubwa, haijui pa kukaa.

Akaulizwa kama ana la mwisho.
"Supu ilikuwa kweli," akasema.
"Nilipika ya watu wawili. Nikaila peke yangu,
gizani, namngoja."

Hilo hakuna aliyemuuliza.
Nikaliandika.