Hodi Baada ya Kuingia

Kidato cha Tatu, Tudor, saa nane mchana,
feni imekufa tangu Jumatatu
na chaki yatota jasho mkononi mwangu.
Naandika ubaoni:
kombora laruka mita kumi juu ya maji,
laenda kilomita moja kila sekunde.
Rada ya meli iko mlingotini, mita ishirini na tano.
Dunia ni mviringo; rada haioni nyuma ya mgongo wa bahari
hadi zibaki kilomita thelathini na tatu.
Tafuteni muda.

Dzombo hakuhitaji kalamu.
"Sekunde thelathini na tatu, mwalimu."
Sawa.
"Za kufanya nini?"
Hilo halimo kwenye mtaala.

Sekunde thelathini na tatu:
hamri halijageuzwa karaini,
kahawa ya Makadara imemiminwa na bado yaunguza mdomo,
ulimi wa feri Likoni waanza kuteremka, haujagusa saruji.
Katika muda huohuo mashine ya mlinzi yatakiwa ijiulize
kile ni shakwe, ni povu la wimbi, au ni mauti;
ijijibu; irushe mkuki wa kuudaka mkuki
hewani, bila kupepesa.
Bei ya mkuki huo mmoja nilipiga hesabu usiku:
feni kwa kila darasa, kutoka Vanga hadi Kiunga,
na chenji ya umeme wa kuziendesha.

Muhula uliopita niliwapeleka Ngomeni.
Walitia vidole kwenye makovu ya ukuta.
Mzinga mzito ulizaa ukuta mnene,
ukuta mnene ukazaa mzinga mzito zaidi,
na kadhalika, nikasema, na kadhalika.
Mwanasiti akauliza mwishowe nani alishinda.
Mlinzi wa zamu akatazama juu ya buruji, akajibu:
"Kunguru."

Shemeji yangu Shekuwe alikuwa afisa wa tatu kwenye meli ya makasha,
huko kaskazini, nyuma ya manowari iliyowasindikiza.
Yalikuja mawili.
La kwanza lilidakwa mbali,
cheche ya kiberiti kilicholowa, basi.
La pili liliikwepa mikuki miwili,
likararuliwa na bunduki ya mwisho, ile ya kukata tamaa,
karibu mno na chuma.
Likashindwa. Likawa vipande.
Lakini kushindwa hakupunguzi mwendo
(nalifundisha hili kila mwaka, kwa mfano wa mkokoteni):
vipande vilifika kwa kasi ileile,
vikapita jikoni, alikokuwa Karisa wa Takaungu
akichambua mchele.

Kisha, sitaha ikiwa imeshaloa,
ndipo sauti ikaja.

Nyanya yetu aliposimuliwa aliweka tasbihi chini.
"Mgeni gani huyo, aingiaye kwanza ndipo apige hodi?"
Ripoti iliandika: mawili yalikuja, mawili yalidunguliwa.
Asilimia mia.
Nimeisoma mara tatu. Hesabu yake haina kosa.

Sasa Shekuwe yuko Mikindani, chumba cha nyuma.
Kelele hazimtishi: malori ya Magongo, jenereta, ngoma za harusi,
zote kwake ni habari njema, zimefika na yeye yupo.
Ni kimya. Kimya kikikaa kidogo
hushika ukingo wa kitanda, akaanza kuhesabu,
midomo tu.

Kwa hiyo nikienda kumtazama
singoji kufika mlangoni.
Naanzia dukani kwa Mbarawa, kona mbili kabla,
napaza: Hodi! Shekuwe, hodi!
Watu hugeuka. Dzombo, siku moja, alijibanza nyuma ya magunia ya makaa
asije akajulikana kuwa ni mwanafunzi wangu.
Nami naendelea, hodi, hodi, mfuko wa ndizi mkononi,
napita mfereji, napita kuku wa watu,
hadi niisikie "Karibu" yake
nikiwa bado sijaonekana.