Chini ya Bafu la Daraja la Pili

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Waliosema walikuwa na ardhi ya kuyanywa.
Hawakuwahi kuishi chini ya usawa wa ziwa,
ambako tone la bafuni halina pa kwenda
mpaka mtu alipandishe.

Mimi huyazoa.
Kila Alhamisi, bandarini Mwanza,
abiria wa Bukoba wakiwa bado wanafunga mizigo,
navua viatu, nalegeza skrubu sita,
nainua mfuniko, nageuza uso,
nahesabu hadi kumi.

Harufu ina matabaka.
La kwanza ni yai viza.
La pili ni sabuni iliyokata tamaa,
mafuta ya nazi, jasho la wapakiaji,
na magamba ya sangara ya mchuuzi wa Mwaloni
aliyeoga mara tatu asinuke kwa wakwe.
La tatu sina jina lake.
Nikilifikia najua sakafu i karibu.

Zamani nahodha alikuwa na dawa yake:
vifuniko viwili vya marashi ya waridi kwenye tundu la bafu.
Siku mbili meli ilinukia kama bibi harusi.
Ya tatu, kama bibi harusi
aliyesahaulika ndani ya sanduku.

Ndipo akaja fundi Masatu, mtu wa Majita,
na brashi ya meno iliyostaafu,
kopo lililokatwa mdomo, nusu chupa ya siki,
na maji ya moto aliyoyaomba jikoni kwa Nyanzobe.
"Sampu hii ni ndogo kuliko karai la mama yako," alisema,
"lakini idharau, itawaogesha wote bila kuwauliza.
Na dawa kali usimwage.
Humuhumu tunamotapika
ndimo tunamochota maji ya chai."

Katikati pana boya, kubwa kama limau.
Maji yakipanda linapanda, linaamsha pampu.
Kwetu Igogo ukimwita mtu boya umemtukana,
asiyejua linaloendelea.
Hili langu ndilo pekee linalojua.
Adui yake ni unywele mmoja.

Juni, saa nane usiku, taa nyekundu.
Povu lilikuwa limevuka kizingiti,
linatembea ukumbini likitafuta mlango.
Nilishuka, tochi mdomoni.
Kichujio nilichokishona kwa wavu wa dagaa
kilikuwa kimetolewa, kimewekwa pembeni taratibu,
kama mtu anavyoacha viatu msibani.
Na boya limefungwa. Si kwa unywele mmoja:
kichwa kizima, mistari ya twende kilioni,
imekatwa kwa wembe ingali imesukwa.

Nilikaa nayo mkononi, maji yakinifika kwenye magoti,
nikasahau kuhesabu.

Tangu hapo hadi alfajiri niliyanoa maneno yangu.
Tangazo lipo mlangoni, herufi kubwa,
kuhusu nywele, hata asiyesoma kachorewa kitana.
Kemondo alishuka mwanamke mwenye kanga kichwani,
shingo yake mpya, nyeupe kidogo juu ya kola,
begi moja, hana aliyempokea.
Akapita karibu. Akaitazama mikono yangu.

Nikasema, "Pole."
Akasema, "Asante. Maji yenu yalikuwa ya moto."

Misuko sikuitupa ziwani,
ziwa lina magugu yake ya kutosha,
wala jalalani; nywele za mtu hazitupwi ovyo.
Niliiosha kwa siki, nikaianika juu ya injini.
Imo ndani ya kopo, rafu ya juu, nyuma ya grisi.

Masatu anauliza natunza nini mle.
Namwambia vipuri.